Ryzen 9 7950X na ramu 64GB kwa kazi ya kurenda: iko poa, ila angalieni kwenye ramu

Wakuu, kama unarenda (yaani kompyuta inageuza modeli ya 3D kuwa picha kamili) kwa prosesa, iwe kwa programu ya Corona, V-Ray, Arnold au Cycles ya Blender, hii Ryzen 9 7950X bado ni mtambo wa kazi kabisa. Ilitoka Septemba 2022 kwahiyo sio mpya, tayari kuna 9950X ya 2024, ila viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) ni vilevile 16 na nyuzi (kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) 32, na ukiikuta 7950X imeshuka bei ichukue, hela inayobaki tupia kwenye ramu. Ndio, kwenye ramu. Watu wanakesha wakibishana prosesa gani halafu ramu wanaweka yoyote, matokeo yake prosesa ya maana inakaa inasubiri diski.

Kurenda ni kazi inayogawanyika vizuri mno. Picha inakatwa vipande, kila uzi unachukua kipande chake, ukimaliza unachukua kingine, kwahiyo viini vikiongezeka muda unapungua karibu kwa uwiano uleule. Ndio maana hapa 16 ni 16 kweli, tofauti na kwenye kuchora na kusogezasogeza modeli ambako sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kiini kimoja tu, hapo ghz (kasi ya kiini) ndio zinaamua. Uzuri wa hii 7950X ni kwamba haikunyimi hata upande huo, kiini kimoja kinapanda mpaka 5.7GHz, yaani hata ukiwa unatengeneza modeli tu mashine haijivuti. Sema msidanganyike na hiyo 5.7 ya kwenye boksi, ukirenda viini vyote vikiwa kazini hutaiona, itashuka, na inashuka kiasi gani inategemea umeipoza vipi.

Tukija kwenye joto, hapa ndio wengi wanapaniki. Unaanza kurenda, muda mfupi tu prosesa iko nyuzijoto 95 (Selsiasi), mtu anadhani imeungua. Hapana, imeundwa hivyo, AMD wenyewe wameiruhusu ifike 95 na ikae hapo, inapanda kasi mpaka igonge huo ukuta ndio inajirekebisha. TDP (kipimo rasmi cha joto la prosesa) ni wati 170 ila kwenye soketi inaweza kuvuta mpaka 230, na kwenye boksi hakuna feni, kwahiyo kipoozi unanunua mwenyewe na usinunue kile cha kubahatisha. Ila mimi siiachi ikimbie hivyo. Nimeingia BIOS (setingi za msingi za mashine) nikawasha Eco Mode, ile ya kubana umeme, ya wati 105 na nakwambia hiyo ndio setingi bora ya hii prosesa, kasi ya kurenda inapungua kidogo tu ukilinganisha na umeme unaookoa, feni zinatulia, na animesheni inayorendwa usiku kucha inaenda bila chumba kugeuka tanuri. Nashangaa hawakuitoa kiwandani ikiwa hivyo.

Kuna wanaouliza ile 7950X3D yenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) kubwa. Kwa gemu sawa, kwa kurenda ile kashe haikusaidii kitu cha maana, usiongeze hela hapo.

Intel je? Core i9-14900K ina viini 24, vikubwa 8 na vidogo 16, na kwenye kurenda vile vidogo vinafanya kazi kweli sio mapambo. Inashindana vizuri tu. Umeme ndio inakula, mpaka wati 253 rasmi. Kingine ni lile sekeseke la prosesa za Intel za vizazi vya 13 na 14 kukosa utulivu, Intel walitoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 2024 na wakaongeza dhamana miaka 2, kwahiyo ukinunua, hasa iliyotumika, sasisha BIOS kabla hujafanya kitu kingine chochote na uulize ilikuwa inatumikaje. Faida yake moja ni kwamba kuna mazabodi zake zinazokubali DDR4 (kizazi cha ramu kabla ya DDR5), kama una ramu za zamani kibao unazitumia. AM5, soketi ya hii Ryzen, ni DDR5 tu, hakuna mjadala.

Sasa ramu. Chukua teksicha (picha inayovishwa juu ya modeli) moja ya 8K. Kwenye diski unaiona jpeg ya MB chache unaichukulia poa, ila programu ikiifungua kwenye ramu ile jpeg inafumuliwa yote: pikseli 8192 mara 8192 mara chaneli 4 za rangi zenye baiti moja moja, hiyo ni 256MB kwa picha moja. Materio moja (mwonekano wa kitu, mfano mbao au kitambaa) ina picha ya rangi, ina ya ukwaruzo, ina ya nomo (mikunjo ya kuigiza), ina ya displesimenti (inayoinua uso wa modeli kweli), tayari 1GB imeondoka na hujaweka hata kiti. Ukiwa na picha za biti 16 zidisha mara mbili. Arnold ina ujanja wake wa faili za tx, inasoma vipande inavyovihitaji tu, ila sio kila programu inafanya hivyo. Ongeza nyasi, miti, nguo zenye manyoya, na displesimenti inayokata poligoni (vipande vidogo vinavyounda modeli) mpaka mamilioni, halafu na Photoshop na brauza umeviacha wazi nyuma, 32GB inaisha mchana kweupe.

Ikiisha utajua tu. Fungua Task Manager uangalie: prosesa iliyokuwa 100% inaporomoka inabaki inachezacheza huko chini, diski ndio inapanda 100%, na ule muda uliobaki kwenye kurenda unaanza kuongezeka badala ya kupungua. Hapo Windows inahamisha vitu kutoka kwenye ramu kwenda diski na kurudi, na hakuna prosesa duniani itakuokoa. Au programu inajifunga yenyewe bila hata kuaga.

Kwahiyo 64GB ndio pa kuanzia kwa hii prosesa, na ziwe stiki 2 za 32, SIO 4 za 16. Hii narudia kwasababu ndio kosa ninaloliona kila siku. Stiki 2 za DDR5 kwenye 7950X zinakubalika rasmi mpaka kasi ya 5200, ukiweka 4 kiwango rasmi kinashuka mpaka 3600, hata kama kila stiki imeandikwa 6000 kwa maandishi makubwa. Watu wananunua 2 leo wakisema nyingine 2 nitaongeza mbele, wakiongeza mashine inagoma kuwaka au inawaka ila inazima katikati ya kurenda. Ukijua utahitaji 96 au 128 nunua stiki 2 kubwa tokea mwanzo, za 48 au 64 zipo, ila hakikisha BIOS ya mazabodi yako inazikubali.

Kasi yenyewe usiumize kichwa. Kwenye kurenda tofauti ya 5200 na 6000 ni ndogo, mimi naendesha 6000 kwa EXPO (setingi ya AMD ya kuipandisha ramu kasi kupita kiwango rasmi) kwasababu inatulia, basi. Atakayekwambia ulipe zaidi kwa 7200 na taa za rangi huyo anauza taa.

Wa GPU (kadi ya picha) nao wanaulizaga. Kama unarenda kwa kadi muda wote, viini 16 vitakaa bure, chukua vichache, hela weka kwenye kadi, ila ramu ya mashine iwe walau mara mbili ya ile ya kadi, RTX 4090 yenye 24GB kwangu ni 64. Na kumbuka Corona inarenda kwa prosesa tu, kadi haitakusaidia huko. Threadripper, prosesa kubwa za AMD, ni habari nyingine, 7980X ina viini 64 na chaneli 4 za ramu (njia za prosesa kuifikia ramu), lakini inataka ramu aina ya RDIMM, hizi za kawaida haziingii, na mazabodi yake ni ya peke yake. Kama kurenda hakukuingizii hela kila wiki iangalie tu kwa mbali.

Ukishafunga kila kitu, stiki mbili ziende tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, mazabodi nyingi ndivyo zinavyotaka ila cheki kitabu chake. Washa, halafu tulia, mara ya kwanza kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa wakati inajifunza ramu zako. Usichomoe umeme.