Miezi Kumi na Minne katika Kituo cha Kulelea Watoto, Shangani Mtwara

Kituo ninachokitathmini hapa kiko Shangani, Mtwara mjini, katika nyumba ya zamani yenye baraza pana na mwembe mmoja uani, mwendo wa dakika kumi kwa bajaji kutoka ghala la korosho ninakofanya kazi ya ukarani. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kupendeza, na wenyewe nimeshawaeleza ana kwa ana. Mwanangu alianza kupelekwa pale akiwa na miezi minane, na sasa ana miezi ishirini na miwili. Kwa hiyo ninaandika nikiwa nimekiona kituo hicho wakati wa msimu wa korosho, wakati wa mvua, wakati wa mfungo wa Ramadhani na wakati wa mitihani yangu.

Wazazi wengi tunaokutana mlangoni huulizana watoto wamefundishwa nini, wimbo gani, herufi zipi. Mimi swali hilo sijawahi kuliuliza, maana mtoto wa mwaka mmoja hana shida na herufi. Kituo ninakipima kwa saa. Nina kazi ya kuajiriwa, nina nyumba yenye watoto wawili na baba yao ambaye kazi yake humweka safarini, nasoma shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho tangu kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kimekuwa mlango wa watu wasioweza kuacha kazi na nyumba wakakae bwenini, na usiku huandika makala kuhusu mapishi ya kusini. Kila moja ya shughuli hizi hudai saa zake, na saa zinazopungua hukatwa ama kwa mtoto ama kwenye usingizi wangu. Kituo kikitunza ahadi yake ya saa, siku nzima hukaa sawa. Kikichelewa nusu saa tu asubuhi, madhara yake huyakuta mezani kwangu saa nne usiku.

Kwa upande wa asubuhi sina la kulalamikia. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, na katika miezi yote hiyo nimelikuta limefungwa mara moja tu, siku ya mvua kubwa, tena kwa dakika chache. Mlezi anayepokea watoto ni mama wa makamo ambaye sote humwamkia na kumwita bibi. Humchukua mtoto mikononi, humgusa paji la uso na shingo, huuliza alilalaje, amekula nini, amepewa dawa gani, kisha huandika kwenye daftari. Mtoto mwenye homa hapokelewi. Mwezi Machi kanuni hiyo ilinikera sana, kwa sababu nilirudishwa na mwanangu siku ambayo nilitakiwa kukabidhi hesabu, na nilijaribu kumbembeleza bibi kwamba ni meno tu yanaota. Alinijibu kwa upole, "Mwanangu, meno hayachemshi mtoto hivi. Mpeleke akapimwe, kazi utaikuta." Alipimwa, na ilikuwa malaria. Tangu siku ile sijabishana naye tena.

Jambo ambalo sikulitarajia ni namna kituo kilivyonisaidia kunyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, na akirudi kazini mwajiri anapaswa kumruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Wanawake wengi ninaofanya nao kazi huijua ile likizo, lakini zile saa mbili hawajawahi kuzisikia. Na hata anayezijua hawezi kuzitumia kama mtoto yuko mbali. Kituo hiki kimetenga chumba kidogo chenye pazia, mkeka na kiti cha kuegemea, na walezi wamezoea kumwosha mtoto na kumtuliza kabla mama hajafika, ili dakika zake zisiishie katika kubadilisha nepi. Kwa miezi minne nilikwenda pale kila siku saa tano asubuhi na kurudi ghalani kabla ya saa sita na nusu. Mazungumzo ya kumwonyesha msimamizi wangu kifungu cha sheria ni habari nyingine, na yalikwisha vizuri.

Chakula ni kizuri kwa kadiri ya ada. Saa nne watoto hunywa uji uliotiwa unga wa karanga, na mchana hula wali wa nazi na samaki, au ugali na kisamvu, na nimemwona mlezi akichambua miba kwa vidole, kipande kwa kipande, bila kuharakishwa na mtu. Uji wao una sukari nyingi mno. Embe zikiwa tele watoto hula matunda kila siku, lakini zikiisha, mahali pake hukaliwa na biskuti na juisi ya pakiti, jambo lisiloeleweka katika mji ambao ndizi na mapapai hayapotei sokoni.

Hapo kituoni ndipo nilipofahamiana na mama mmoja Mfilipino, ambaye mumewe ni fundi katika kazi za gesi na ambaye binti yao amepishana miezi michache tu na mwanangu. Ninamtaja kwa sababu, kwa kiasi fulani, ndiye aliyenifundisha kukitazama kituo hiki vizuri. Yeye ni mhasibu, na anaifanyia kazi ofisi iliyoko Manila kwa njia ya intaneti. Saa za kwao ziko mbele ya zetu kwa saa tano, kwa hiyo wenzake wanapokaa mezani saa mbili asubuhi, huku Mtwara ni saa tisa usiku, na yeye huwa ameshaamka, amewasha kompyuta na kufunga mlango wa chumba ili asimwamshe mtoto. Saa moja asubuhi humleta binti kituoni, hurudi kumalizia kazi hadi saa sita mchana ambapo ofisi ya Manila hufungwa, hulala kidogo, kisha jioni hujifunza Kiswahili na kuandika kwa Kitagalogi, lugha ya kwao, kumbukumbu za maisha yake hapa pwani. Nilikuwa nikijihurumia kwa kulala saa sita usiku mpaka niliposikia ratiba hiyo.

Siku moja nilimweleza kwamba kwetu mlezi wa mtoto nyumbani huitwa yaya, ingawa siku hizi watu wengi husema dada wa kazi, naye akacheka hadi watoto wakamgeukia, kwa sababu kwao pia huitwa yaya, neno lilelile, maana ileile. Kwao bibi huitwa lola, na kwa kuwa Wafilipino wengi hufanya kazi nchi za nje, watoto wengi hulelewa na lola huku mama akituma pesa kutoka ng'ambo. Sikuhitaji kufafanuliwa. Mama yangu yuko Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na tangu nijifungue amekuwa akiniambia nimpelekee mjukuu wake, kwani huku kwetu kumpeleka mtoto kwa bibi mzaa mama si aibu wala si kumtupa. Niliwaza hivyo mara nyingi. Kilichonizuia ni kituo hiki, na ninadhani hiyo ni sifa kubwa kuliko nyingine yoyote ninayoweza kukipa.

Mama huyo ndiye pia aliyeniambia kwamba nchini kwao sheria ya mwaka 1990 iliagiza kila barangay, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali, unayoweza kuifananisha na mtaa wetu, iwe na kituo cha kulelea watoto, na kwamba tangu 2019 likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 105, ambapo mama anaweza kumgawia baba siku saba kati ya hizo. Nilizitoa 84 katika 105 nikabaki na siku 21. Wiki tatu. Aliyewahi kumwacha mtoto wa miezi mitatu kwa mara ya kwanza anajua wiki tatu ni nini.

Sasa manung'uniko. Msimu wa korosho unapoanza, mwezi Oktoba, kazi ya ghala hubadilika: malori hupanga foleni, magunia hupimwa hadi jua linazama, na karani haondoki kabla hesabu haijakubaliana na stakabadhi. Kituo kinalijua hilo, na kwa msimu wote hutoa huduma ya jioni hadi saa kumi na mbili kwa shilingi 15,000 juu ya ada ya kawaida ya shilingi 50,000 kwa mwezi. Nililipa. Katikati ya Novemba nilipigiwa simu saa kumi jioni, nikiwa katikati ya kuhesabu, nikaambiwa kwamba leo wanafunga saa kumi na moja. Nilifika saa kumi na moja na nusu, mwanangu akiwa wa mwisho barazani, amevalishwa viatu tayari, na mwisho wa mwezi nikakuta kwenye risiti nimetozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kuchelewa. Faini hiyo niliikataa na ikarudishwa, lakini kilichoniumiza hakikuwa pesa. Mlezi mmoja alikuwa ameugua, mwingine ameacha kazi wiki iliyotangulia, na aliyebaki alikuwa peke yake na watoto tisa wa chini ya miaka miwili. Tatizo hilo lilijulikana tangu asubuhi. Kuambiwa saa kumi ni kuchelewa mno. Baada ya wazazi kadhaa kulalamika, mwenye kituo aliweka utaratibu wa kutuarifu kabla ya saa sita mchana, na mpaka leo umefuatwa. Walezi kuacha kazi hakujakoma, na hakutakoma kwa mshahara wanaolipwa. Mimi ningekubali ada iongezwe, mradi nyongeza iwafikie wao.

Mengine ni madogo. Vyandarua viwili kati ya sita vimechanika na nimeshasema mara tatu. Choo ni kisafi. Bembea ya uani haitumiki tangu kamba ikatike.

Jumamosi kituo hufunguliwa hadi saa saba mchana, na saa hizo ndizo zilizobeba masomo yangu yote: majaribio na mazoezi niliyasomea hapo, kisha nikaingia katika mitihani bila kuomba likizo hata siku moja. Makala zangu hazikupata nafasi katika mpango huu. Bado naziandika usiku, baada ya vyombo kuoshwa, na kituo hakina kosa katika hilo.

Anayetaka kuandikisha mtoto aende bila kutoa taarifa, saa nne asubuhi, wakati wa uji, maana ndipo shughuli huwa nyingi na walezi huonekana walivyo. Aombe kuona kibali, ambacho Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakidai kwa kila kituo cha namna hii. Hapa kimetundikwa sebuleni. Aulize siku hiyo wapo walezi wangapi, asiulize kituo kimeajiri wangapi. Mzazi anayetoka kazini baada ya saa kumi na mbili jioni atafute mpango mwingine, kwa sababu bibi hupanda daladala ya Mikindani muda huo na hangojei. Mimi nimelipia msimu ujao, na vyandarua viwili nitavinunua mwenyewe.