Bia za Ubelgiji: ununue ipi kwanza?

Ukiingia kwenye duka la bia Brussels kwa mara ya kwanza, macho huchoka kabla mkono haujagusa chupa. Rafu zimepanda hadi dari, na mtu aliyezoea kuulizwa na mhudumu "baridi au ya moto?" hujikuta akichagua kwa asilimia ya kilevi, kwa sababu namba kubwa ndiyo inayoonekana kurudisha hela. Nami nilinunua hivyo kwa miaka miwili. Siku hizi nasoma tarehe, naangalia chupa imewekwa wapi, halafu najiuliza ipi itaufundisha ulimi wangu kitu kipya. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho.

Kwanza, duka lenyewe. Niliwahi kununua chupa mbili zilizopangwa dirishani, jua la mchana likizipiga. Nilipofungua ya kwanza, chumba kizima kilinuka kicheche. Haikuwa imeoza. Hopi, lile ua linaloipa bia uchungu na harufu, lina viambata vinavyovunjika vikipigwa na mwanga, na matokeo yake ndiyo harufu hiyo. Kioo cha kahawia huzuia mwanga vizuri. Cha kijani huzuia kidogo tu. Kwa hiyo omba chupa iliyo ndani ya boksi au nyuma ya rafu, na usione haya kuomba.

Namba moja kwangu ni Orval. Hutengenezwa ndani ya abasia ya Watrapisti, watawa wa Kikatoliki, kusini mwa nchi, karibu na mpaka wa Ufaransa, na kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1931. Lebo ina samaki aliyebeba pete mdomoni, kilevi kimeandikwa asilimia 6.2. Ninaiweka juu kwa sababu moja: inapojazwa chupani huongezewa hamira ya aina ya pori, Brettanomyces, ambayo huendelea kula sukari iliyobaki kwa miezi mingi. Ukinunua chupa sita za tarehe moja, kwa kweli umenunua bia kadhaa tofauti. Fungua moja ikiwa changa: povu zito jeupe, harufu ya maganda ya chungwa na majani mabichi, uchungu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi. Fungua nyingine baada ya miezi sita. Hopi imerudi nyuma, na mbele imekuja harufu ya ngozi ya tandiko na nyasi kavu, na utamu karibu wote umekwisha. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika. Nilipokunywa ya tatu nilianza kuitafuta harufu hiyo. Lebo huonyesha tarehe ya kujazwa na tarehe ya mwisho, na kati yake ni miaka mitano, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kwa kubahatisha.

Ya pili ni Saison Dupont, kutoka shamba la Tourpes, mkoa wa Hainaut. Zamani bia za namna hii zilipikwa majira ya baridi ili ziwasubiri vibarua wa mavuno wakati wa joto. Asilimia 6.5, gesi nyingi, pilipili manta kidogo puani, na inamalizika bila utamu kabisa. Hii ndiyo ninayoweka mezani kukiwa na samaki wa kukaanga na ndimu. Mara nyingi chupa yake kubwa ya sentilita 75 ni ya kijani, kwa hiyo kumbuka yale ya dirishani.

Ya tatu itawashangaza wengi: Oude Geuze ya Boon, kutoka Lembeek. Hapa hakuna hamira inayotiwa kwa mkono. Maji ya kimea yaliyochemshwa huachwa yapoe usiku kwenye sinia kubwa la wazi, hewa ya bonde la Zenne iingize hamira yake, kisha bia hukaa kwenye mapipa ya mbao. Geuze ni mchanganyiko wa bia changa na iliyozeeka, ya zamani kabisa ikiwa imetimiza miaka mitatu. Ni chachu kweli kweli. Baba mdogo alipokuja kunitembelea kutoka Marangu nilimmiminia glasi bila kumwambia chochote. Alinusa, akanywa funda moja, akanyamaza, akanywa la pili. "Mwanangu, hii ni mbege iliyolala." Alisema kinachokosekana ni msesewe tu, gome la mti linaloipa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, uchungu wake, na kwa hilo nilimuelewa mara moja, kwa kuwa hopi zinazotumika kwenye geuze huwekwa miaka mingi kwanza mpaka uchungu wake upungue. Waliokulia kwenye mbege au busaa wana ulimi ulio tayari kwa bia hii kuliko wateja wengi wa hapa. Hakikisha lebo imeandikwa "Oude" au, kwa Kifaransa, "Vieille". Bila neno hilo unaweza kuuziwa geuze iliyotiwa utamu, na ukiionja hiyo kwanza utadhani ndiyo geuze yenyewe.

Westmalle Tripel naiweka ya nne. Ilianza kuuzwa mwaka 1934, ina asilimia 9.5, rangi ya dhahabu, harufu ya ndizi iliyoiva. Ni bia nzuri mno, ila inateleza kooni kama nyepesi, na mgeni asiyesoma lebo huijutia. Moja kwa jioni inatosha.

Ya tano ni St. Bernardus Abt 12. Wengi huja Ubelgiji wakiwa na jina moja kichwani, Westvleteren 12, ambayo watawa wa abasia ya Sint-Sixtus huiuza wenyewe, na dukani huikuti ila kwa bei ya kulangua. Usilangue. Kiwanda cha St. Bernardus, kijijini Watou, ndicho kilichopika bia za watawa hao kwa mkataba kuanzia mwaka 1946 hadi 1992, na Abt 12 inatoka kwenye ukoo huohuo. Zabibu kavu, sukari iliyoungua, asilimia 10.

Rochefort 10 ni ya sita kwa ukali tu: asilimia 11.3. Tende, kokoa, joto kifuani. Gawaneni wawili, na ufunguo wa gari uwe kwa mtu wa tatu. Itoe kwenye friji nusu saa kabla. Ikiwa baridi sana hutapata hata nusu ya harufu yake.

Duvel sijaipa namba kwa kuwa utaikuta kila supamaketi. Kama umezoea lager na unaogopa kuruka mbali, anzia hapo.

Ukipeleka chupa nyumbani, zifungie khanga mbili kila moja, uziweke katikati ya begi linaloingia tumboni mwa ndege, mbali na kingo. Ukifika zisimamishe wima siku mbili mahali pa giza, machicha yashuke. Mimina taratibu kwenye glasi iliyoinamishwa, na uache kidole kimoja cha bia chini ya chupa.