Kutoka Manda hadi New York: programu inayojua kilomita kuliko saa

Wakazi wengi wa Lamu wenye jamaa ng'ambo wamekwisha kukutana na programu za intaneti ambazo mtu huandika majina ya viwanja viwili vya ndege akapewa umbali na muda wa safari. Niliyoitumia mimi haitozi chochote, hufunguka hata mtandao unapokuwa dhaifu, na inautambua uwanja wetu wa Manda kwa alama yake ya LAU.

Kwa upande wa umbali sina lawama. Kati ya Manda na uwanja wa JFK, New York, hutoa takriban kilomita 12,230, hesabu iliyo sahihi kwa sababu hufuata mviringo wa dunia, na ndiyo maana njia inayochorwa kwenye ramani bapa huonekana imepinda kuelekea kaskazini. Hutoa pia maili za baharini, za mita 1,852 kila moja, kipimo ambacho manahodha wa hapa hawahitaji kuelezwa.

Udhaifu uko kwenye muda. Programu hugawanya umbali kwa mwendo mmoja usiobadilika, ikatoa saa 14 na nusu, kana kwamba ipo ndege inayotoka Manda moja kwa moja hadi Marekani. Safari halisi huanza kwa boti kutoka gatini, ikafuatiwa na ndege ya mapanga kwenda Nairobi, umbali wa kilomita 450 hivi unaochukua zaidi ya saa moja. Ajabu ni kwamba kupitia Nairobi hakuongezi hata kilomita 100 katika jumla ya safari, lakini huongeza saa nyingi, hasa kwa abiria anayeshuka Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, na kulazimika kuvuka msongamano wa magari hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, ambako ndege ya Kenya Airways ya New York, iliyoanza safari zake Oktoba 2018, huondoka usiku.

Hata kipande hicho cha mwisho hakikukadiriwa vizuri. Kwenda huchukua takriban saa 15 na kurudi takriban 14, kwa kuwa pepo kali za anga za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ilhali programu hutoa jibu lilelile pande zote mbili. Kwa watu waliozoea kupanga safari kwa kusi na kaskazi, kosa hilo ni gumu kulisamehe.

Tofauti ya saa za nchi imewekwa sawasawa: New York iko nyuma yetu kwa saa 7, au 8 katika miezi yao ya baridi. Ningewashauri waundaji waongeze nafasi ya kuandika kituo cha kubadilishia ndege na muda wa kusubiri. Hadi watakapofanya hivyo, kilomita zichukuliwe humo, na saa aulizwe wakala wa tikiti.