Wundanyi: Baridi, Kabeji na Kona Kali. Yafaa Pesa Yako?

Assalam aleykum watu wangu, karibuni tena, leo sichambui simu wala feni, leo nachambua mji mzima. Maana mmeniandikia sana mwasema joto la Mombasa limewashinda, mwataka pahali pa kupumua, na kila mtu akisikia baridi mawazo yake yanaruka mpaka Limuru huko, safari ya kuchosha, na Wundanyi iko hapo juu ya Voi tu, milima ya Taita, wala hamna habari nayo.

Kufika kwanza. Waeza panda SGR, lakini hakikisha ni ile treni inayosimama vituo vya njiani, sio ile ya moja kwa moja, utapitishwa Voi hivi hivi waiona kwa dirisha. Ama ushike matatu Mwembe Tayari mpaka Voi, kama kilomita 160, na barabara mwaijua wenyewe, malori mbele malori nyuma, subira tu. Voi mwabadilisha gari, mwapita Mwatate kwenye mkonge umepandwa mpaka macho yachoka kuangalia, alafu hapo ndo mwaanza kupanda. Kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mmoja bonde, masikio yaziba, na hewa inayoingia dirishani si ile tena. Voi hata mita 600 juu ya bahari haifiki, Wundanyi ni kama 1,400, na hiyo tofauti waimaliza kwa hako kasafari kafupi ka mwisho. Kama wewe ni mtu wa kichefuchefu kaa mbele na viazi karai viache mpaka ushuke.

Sasa sikizeni hapa kabla hamjalipia chumba. Ukitafuta malazi mtandaoni ukaandika "Taita Hills" yaeza kukuletea lodge za kule chini kwenye hifadhi ya wanyama, njia ya Taveta, kwenye nyika na tembo. Pazuri, sikatai, lakini kule ni jua kali, hiyo sio baridi tunayoizungumzia leo. Wewe hakikisha pameandikwa Wundanyi, ama Wesu, ama Werugha, usije ukabeba sweta la bure.

Mji wenyewe, wallahi, ni mdogo. Soko, stage, maduka ya mbegu na mbolea, hoteli za chai, basi, waumaliza kwa miguu chai yako haijapoa. Usiku watu wamelala. Ukitaka kujirusha baki Mtwapa, mimi sitaki lawama.

Kitu unacholipia huko ni njia za mashambani, na hapo naipa Wundanyi alama zote. Toka mjini, panda kijia chochote, waingia kwenye matuta yamechongwa kwenye mteremko, ndizi, mahindi, kabeji, spinachi, parachichi, makadamia, kila kipande kimelimwa mpaka wajiuliza huyu mtu alisimama vipi hapa na jembe asibiringike. Na maji yatembea kwa mifereji midogo kutoka juu. Nilimkuta mzee mmoja zamu yake imefika, akakata kipande cha mgomba, akakilaza mferejini, akashindilia tope kwa kisigino, maji yakageuka taratibu yakaingia kwa spinachi zake, na jirani wa shamba la chini amekaa juu ya jiwe angoja zamu yake, hakuna kelele wala nini. Nikamwamkia shikamoo mzee, hizi mboga zaenda wapi, akaniangalia kama nimemuuliza jua latoka wapi. "Si kwenu Kongowea!" Kumbe. Ile kabeji twabishania shilingi kumi na akina mama pale sokoni, huenda imeshuka zile kona zote usiku.

Hata ule ukungu wa asubuhi ni wetu. Upepo wa kusi wabeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, wavuka nyika yote kavu mpaka ugonge hii milima, unapandishwa, wapoa, ndo mvua na ukungu. Kwa hiyo kule chini Voi ni vumbi na huku juu kijani. Ukitaka kuuona vizuri panda Vuria, kilele kirefu kuliko vyote hapo, mita 2,208, kule kwenye minara ya mawasiliano. Wahi alfajiri, saa nne wingu laeza kuwa limefunika kilele chote.

Msitu wa Ngangao pia usiukose, ni kipande kidogo tu kilichobaki cha msitu wa asili, na kuna ndege kama apalisi wa Taita ambaye duniani kote hapatikani nje ya milima hii, na wamebaki wachache mno. Chukua mwenyeji akuongoze, akulipishe, ni haki yake, bila yeye utaona majani tu. Na yale mapango ya mafuvu ya wazee wa Kitaita, jamani, omba ruhusa kwanza, na usishike kitu. Kuna mtu nilimwona anataka selfi na fuvu, nikaona haya mimi.

Chakula, ulizia kimanga, mihogo ama viazi vitamu vimepondwa pamoja na maharagwe, chashiba mpaka jioni. Mimi binafsi nilitia pilipili yangu ya kutoka nyumbani, Mswahili ni Mswahili.

Mabaya? Masika njia za udongo zateleza vibaya, viatu vya ngozi sahau. Mwezi wa sita mpaka wa nane baridi si mchezo, na kama chumba hakina hita ya kuogea, utaoga kwa dua. Wazee wenye magoti mabovu watabaki hotelini, maana huko tambarare hakuna. Na kwenda na kurudi siku moja msijaribu, mtatumia siku nzima garini, laleni angalau mara mbili. Kurudi shukeni mchana ukungu ukiwa umeondoka, na mkipita sokoni nunueni parachichi zile ngumu, zile laini hazifiki Mariakani.