Kamera ya kuingia nayo Ngezi na Jozani: kagua mpira wa kuziba lenzi kabla ya kuhesabu megapikseli

Kila masika yakimalizika malalamiko huwa yale yale. Kamera ilinunuliwa mwisho wa mwaka, ikaenda msitu wa Jozani, Unguja, mara mbili na wa Ngezi, Pemba, mara moja, ikarudi kabatini ndani ya begi lake. Mwezi wa sita ikitolewa, picha zina utando kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Mwenyewe anaifuta lenzi kwa nje, utando hauondoki kwa sababu uko ndani. Hiyo ni kuvu. Imeota baina ya vioo, na fundi wa kuifungua lenzi ya kisasa, kuisafisha na kuvirudisha vioo mahali pake sawasawa hapatikani kirahisi Unguja, seuze Pemba.

Kwa hiyo megapikseli, kasi ya kupiga picha mfululizo na ubora wa video hamtaviona sana humu. Kamera yoyote iliyotoka miaka kumi hii inatosha kwa hayo. Jambo linaloamua kama utakuwa na kamera mwakani ni moja: hewa yetu inaingiaje ndani yake.

Kuvu inataka unyevu, giza na chakula kidogo. Chakula chake ni vumbi na mafuta ya vidole, na mbegu zake tayari zimo ndani ya kila lenzi. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 hadi 70 kwa siku nyingi, zinaota. Visiwani kwetu asilimia 80 si jambo la kustaajabisha, si masika tu. Ikishakua hutoa asidi inayokula ile dawa nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, ndiyo maana hata lenzi ikisafishwa alama hubaki palepale.

Sasa tazama lenzi ya zumu inavyofanya kazi. Nyingi hurefuka ukivuta kitu karibu na hufupika ukirudisha. Ikirefuka inanyonya hewa, ikifupika inaitoa, kama mvukuto wa mhunzi. Ukiwa Ngezi saa moja ya asubuhi, majani bado yanadondosha maji, unazungusha zumu mara mia kumfuata ndege mmoja, basi mara mia umeingiza hewa ya msitu ndani ya lenzi. Pwani ya mashariki wakati wa kusi, kuanzia Makunduchi mpaka Paje, unachoingiza ni chumvi pia.

Mpira unaopunguza hali hiyo huonekana kwa macho. Ivue lenzi kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, igeuze, tazama kitako chake cha chuma. Lenzi iliyozibwa ina pete nyembamba ya mpira, mara nyingi nyeusi, imezunguka ukingo wa kitako na kujitokeza kidogo. Ipitishie ukucha, utaihisi inanesa. Pasipo pete hiyo, lenzi haikuzibwa, hata muuzaji akiapa. Tena bodi iliyozibwa ikivishwa lenzi isiyozibwa ni sawa na kukomea mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi. Watu wengi wanaanguka hapa: wanalipia bodi ya bei kubwa, halafu wanachukua lenzi ya bure iliyokuja nayo sandukuni.

Nazipanga kwa kufuata hilo, kisha uzito, kwa sababu begi la kilo nne likishakukata mabega kamera haitoki tena begini.

Ya kwanza: OM System OM-5 na lenzi ya 12-45mm f/4 PRO

Hapa sifichi mapenzi yangu. Kampuni hii ndiyo iliyorithi kamera za Olympus mwaka 2021, na kwa kuziba kamera ndogo hakuna anayeifikia. Bodi ina gramu 414 pamoja na betri na kadi, lenzi ina gramu 254. Jumla ni gramu 668, chini ya paketi moja ya sukari ya kilo. Bodi imepewa kiwango cha IP53: tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji ya mvua yanayokuja kwa pembe. Haimaanishi kuizamisha.

Ukitaka kima punju wa Jozani uso mzima, au popo wa Pemba wanaoning'inia juu ya miti kule Kidike, ongeza 40-150mm f/4 PRO yenye gramu 382. Kwa udogo wa sensa ya kamera hii, yaani kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, lenzi hiyo inaona kama 80-300mm ya kamera ya filamu; namba ikiwa kubwa, kitu huvutwa karibu zaidi. Kwa kima inatosha na kubaki, maana wamezoea watu. Kwa popo 300 ndiyo mwanzo, pungufu ya hapo utaleta madoa meusi mtini. Vyote vitatu havifiki kilo moja na robo ukichanganya betri mbili za akiba.

Kasoro zake zipo. Sensa ndogo hutoa chembechembe gizani, na chini ya miti ya Ngezi giza ni la kweli: utapiga kwa ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ya 1600 hadi 3200 hata saa nne ya asubuhi. Bodi ina kizuia mtikisiko kizuri, kwa hiyo shina, uyoga au kinyonga aliyetulia utampata kwa kasi ndogo bila stendi. Kima anayeruka hutampata hivyo. Betri inakadiriwa picha 310 kwa chaji moja, beba mbili au tatu. Tundu la kuchajia ni la micro USB, na kwa kamera iliyotoka mwaka 2022 hilo ni kosa lisilosameheka. Kitako cha bodi ni plastiki, kwa hiyo skrubu ya stendi ikaze kwa vidole, si kwa koleo.

Fedha zikikaza, tafuta Olympus E-M5 Mark III iliyotumika. Ina megapikseli 20 zilezile, uzito uleule, na mpira upo ingawa kiwango chake ni IPX1 tu, yaani matone yanayodondoka wima. Lakini usiivishe lenzi ya 14-42mm, haina pete. Chukua 14-150mm f/4-5.6 ya toleo la pili: gramu 285, imezibwa, na inakuondolea haja ya kubadilisha lenzi msituni. Kubadilisha lenzi chini ya mti unaodondosha maji ni kuifungulia kuvu mlango mwenyewe.

Ya pili: Fujifilm X-T5 na XF 16-50mm f/2.8-4.8

Kwa hoja ya mvukuto peke yake hii ingekaa juu. Lenzi hii iliyotoka mwaka 2024 haijirefushi: ukizungusha zumu vioo vinatembea ndani na umbo la nje linabaki lilelile. Ina mpira kwenye kitako, ina gramu 240, na bodi yenye megapikseli 40 imezibwa. Gizani inaishinda OM-5 waziwazi. Kinachoishusha ni uzito wa bodi, gramu 557, na lenzi zake ndefu zilizozibwa ambazo ni nzito na ghali.

Angalizo kubwa kwa Fujifilm: tafuta herufi WR, yaani imezibwa, kwenye jina la lenzi. XF 18-55mm ya zamani, inayopatikana kwa wingi mkono wa pili, haina. Na X-T50, japo inafanana na X-T5 na inauzwa na lenzi hiyohiyo nzuri, bodi yake haikuzibwa.

Ya tatu: OM System Tough TG-7

Hii ni kwa anayetembea pwani kuliko msituni: Misali, maji yakitoka Chwaka, au ndani ya mikoko ya Pete. Gramu 249, inazama mita 15 bila kasha, lenzi haitoki nje wala haibadilishwi. Picha za karibu ndiyo sifa yake, kaa na konokono inawapiga kutoka sentimita 1. Gizani ni dhaifu, ina megapikseli 12 na sensa ndogo kama ya simu.

Mara nyingi inakufa kwa njia moja: mlango wa betri. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga juu ya mpira wa mlango inatosha kuingiza maji ya bahari. Kila ukitaka kuufunga, upitishie kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, utazame mzunguko wote wa mpira, kisha funga mpaka kufuli zote mbili zikae. Ukirudi, izamishe kwenye ndoo ya maji baridi ya bomba, yasiyo ya chumvi, mlango umefungwa, uikaushe kabla ya kuufungua.

Nyingine

Canon R50 na 18-45mm yake ni gramu 505 kwa jumla, nyepesi na rahisi kutumia, ila haina mpira popote. Sony a6700 bodi inastahamili, lakini lenzi ya 16-50mm inayokuja nayo haina pete, na hurefuka yenyewe kila ukiwasha. Canon 2000D inunue kama huna njia nyingine, hakikisha tu lenzi imeandikwa IS II. Iliyoandikwa DC III haina kizuia mtikisiko kabisa na huuzwa kwa maneno yaleyale.

Mkono wa pili, na wauzaji wake

Kwa lenzi iliyotumika, kipimo ni tochi ya simu. Vua vifuniko vyote viwili. Shika lenzi upande mmoja, mulika kwa pembe kutoka upande wa pili, izungushe taratibu, kisha geuza urudie. Vumbi ni nukta nukta, na nukta chache si kitu. Utando mweupe mzima kama mvuke ni mafuta ya ndani yaliyotawanyika. Kuvu ina matawi: nyuzi nyembamba kama mizizi au utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni. Ukiona uzi mmoja, iache. Inuse pia. Lenzi inayonuka stoo imekaa stoo.

Kinachoudhi ni kwamba wauzaji wengi hawataki umulike. Picha ya majaribio watakupigisha dukani kwa furaha, wakijua kwamba kuvu changa haionekani pichani mpaka upige kuelekea jua. Ukitoa tochi, ghafla kuna mteja mwingine anasubiri. Hayo ni matusi kwa mtu aliyejinyima miezi minane kukusanya fedha hizo. Wapo pia wanaofungasha bodi dhaifu na begi, stendi ya plastiki, vichujio vya rangi na vioo vya kubandika mbele ya lenzi, wakaiita ofa. Vioo hivyo vinaharibu ukali wa picha, na thamani ya mzigo wote haifiki nusu ya kilichoongezwa kwenye bei. Bei yenyewe inatajwa kwa dola, kisha inageuzwa shilingi kwa kiwango anachokijua yeye peke yake. Kama ni Sony, washa na ufungue menyu kabla ya kulipa: nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina lugha nyingine.

Begi na stendi

Begi chagua lenye mgongo unaopitisha hewa. Jasho la mgongo hupenya kwenye sponji, na sponji iliyolowa ikifungwa zipu pamoja na kamera ni shamba la kuvu. Stendi ya kuzungusha kwa mkono hukwama na mchanga, ya klipu inasafishika upesi zaidi. Ikigusa maji ya bahari, ivute yote, ioshe kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Kitu cha mwisho cha kununua ni cha bei ndogo na ndicho kinachorukwa

Mpira unachelewesha unyevu, hauuzuii. Nunua pipa la plastiki la lita kumi hivi, lenye mpira kwenye mfuniko, kipimo kidogo cha unyevu chenye skrini, na gramu 300 za silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, inayobadilika rangi, ile ya machungwa. Mchele hauna nguvu hiyo na unga wake unaingia kwenye vitufe. Lengo ni asilimia 40 hadi 50.

Ukitoka kwenye kiyoyozi, iwe chumba cha hoteli Nungwi au boti, kamera ibaki ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa nusu saa mpaka dakika 45 ipate joto la nje. Kioo cha baridi kikikutana na hewa yetu hutoka jasho hapohapo, na jasho la ndani hulifikii kwa kitambaa.

Ukirudi nyumbani usiirudishe begini. Ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi, kisha kikavu, iache mbele ya feni saa moja, halafu ndiyo iingie pipani. Begi lianike juani kama unavyoanika karafuu, zipu zote wazi, mpaka sponji ikauke hadi katikati.

Silika ikipoteza rangi yake ya machungwa usiitupe. Iweke kwenye joto la nyuzi 120 kwa saa mbili, au ikange kwa moto mdogo huku ukiigeuza, kwenye sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena. Masika tazama kipimo kila wiki. Kikipita 55, ikange siku hiyo.