Dalali wa vyumba Dodoma: nyota tatu, moja ni ya pikipiki yake

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Mwezi wa tatu mwenye nyumba alitupa notisi: anabomoa vyumba vyetu ajenge apatimenti za wafanyakazi wa wizara. Simlaumu, hata mimi ningekuwa na kiwanja ningefanya hivyo. Nikapewa namba ya dalali na mteja wangu mmoja. Jina la dalali silitaji.

Elfu kumi ya kuonyeshwa vyumba nilimtumia kabla hajawasha pikipiki. Swali lake la kwanza: "Dada, uko wizara gani?" Nikamwambia niko wizara ya cherehani. Akacheka, ila nahisi bei alikuwa ameshaipanga kichwani.

Chumba cha kwanza, Nzuguni. Kwenye picha kina vigae vyeupe, nilichokikuta ni sakafu ya saruji iliyopasuka. Vigae, akasema, ni vya chumba cha pili na kimechukuliwa asubuhi. Eti ni dakika tano kutoka stendi kuu! Siku nyingine nilitembea mwenyewe kwenye ule upepo wetu wa vumbi: dakika ishirini na saba. LUKU, yaani mita ya umeme, ni moja kwa wapangaji wanne, na mmoja anauza barafu.

Cha pili, Ilazo, kizuri mno: chumba, sebule, jiko, choo ndani. Laki mbili na nusu, kodi ya miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Piga hesabu: 1,750,000. Kwa hela hiyo nanunua ovaloki, cherehani ya kufunga kingo za nguo, na chenji inabaki. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, bei za huko hazituulizi sisi. Sensa ya 2012 jiji hili lilikuwa na watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wageni siwachukii, ndio wananiletea suti za kupunguza na sare za kushona. Shida ni kwamba tunagombea mlango mmoja na mwenzangu ana mshahara wa kila mwezi.

Cha tatu, Nkuhungu, kwa bibi mmoja. Dalali akatangulia kumnong'oneza kwamba nina kazi nzuri. Mimi nikaingia na "Mbukwenyi." Bibi akashtuka, akaniuliza kwetu ni nani, tukajikuta tunazungumza Kigogo nusu saa, dalali anazungusha funguo kidoleni. Nilitegemea atanipunguzia sana. Akapunguza elfu kumi tu, kutoka 120,000 hadi 110,000, maana bei anaipanga mwanawe aliyeko Dar.

Dalali naye akataka udalali wake kwa bei ya zamani! Tulibishana pale pale kwenye pikipiki mpaka akakubali 110,000.

Haki yake nimpe: alifika saa aliyosema, aliandika risiti, alinipeleka ofisi ya serikali ya mtaa mkataba ukagongwa muhuri, na kitasa kilipogoma siku ya pili alirudi na fundi bila kudai nauli. Nyota mbili nimemkatia kwa zile picha na kwa ule mnong'ono.

Maji huku yanatoka Jumanne na Ijumaa. Hilo hakulisema, nami sikuuliza.