Mchanga wa paka unaoganda: miezi 14 na paka wawili ghorofani

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Mfuko wa kilo 10 wa mchanga wa choo cha paka, ule unaoganda ukilowa mkojo, naununua shilingi 42,000 kwenye duka la vifaa vya wanyama hapa Dar es Salaam. Kwa kujazia tu mabeseni ya paka wangu wawili unanifikisha wiki tatu, nikibana sana tatu na nusu. Mama yangu aliposikia alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Mwanangu, unanunua mchanga? Na bahari yote hiyo iko hapo?"

Siku ile sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila ni refu.

Ninakaa Upanga, ghorofa ya tatu, hakuna uwanja wala bustani. Paka ni Kashata, dume aliyehasiwa, na Pweza, jike la kijivu lenye dharau. Nyumbani Tanga tulifuga paka miaka yote, na hakuna aliyewahi kujiuliza wanakwenda haja wapi. Walikuwa na uwanja mzima nyuma ya jiko, wanachimba, wanafukia, mambo yamekwisha. Huku juu kila kitu kinachotoka kwa paka kinapita mikononi mwangu.

Kwa hiyo mama asidhani sikuanza na mchanga wa bure. Niliomba ndoo mbili kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani. Paka waliupokea siku hiyo hiyo, bila kufundishwa. Si ajabu, kwa sababu babu yao ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, Felis lybica, mnyama wa nchi kavu. Udongo laini chini ya makucha ndio choo anachokijua. Aliyeshindwa ni mimi. Mkojo unazama mpaka chini ya beseni na kukaa huko, juu panaonekana pakavu, lakini siku ya tatu mgeni akifungua mlango anauliza kuna nini. Halafu ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga inapita kilo 30. Pandisha hiyo ngazi za ghorofa tatu, kisha uishushe ikiwa imelowa.

Nikahamia maranda. Nilikwenda Keko kwa maseremala, nikamkuta fundi anaranda mbao za kitanda.

"Una kuku wangapi, dada?"

"Sina kuku, fundi. Ni ya choo cha paka."

Aliacha kazi akamwita mwenzake aje asikie. Paka wa mjini naye anapelekwa chooni! Walicheka wakachoka, lakini walinijazia gunia kwa shilingi 2,000, na yule wa kwanza akanipa ushauri ambao sikuupata popote pengine: nisichote kwenye rundo lililo karibu na msumeno wa MDF, zile mbao za kiwandani, kwa sababu vumbi lile lina gundi, wala nisichukue ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Nichukue maranda ya mbao tupu tu. Paka hulamba miguu yake kutwa nzima. Chochote anachokanyaga huishia tumboni.

Maranda nayatetea mpaka leo. Ni mepesi, yananukia vizuri siku mbili za mwanzo, na kwa mtu mwenye nyumba ya chini anayeweza kuyamwaga kwenye shimo la mboji, sioni kwa nini atoe 42,000. Kwangu yaliruka kila pangaboi lilipowashwa, nikayakuta mpaka kwenye unga wa chapati. Kubwa zaidi, mkojo huoni umeingia wapi, kwa hiyo huwezi kutoa sehemu iliyochafuka peke yake. Unamwaga yote, kila baada ya siku mbili. Kumbuka hili la kutoona mkojo, nitalirudia.

Katikati hapo nilijaribu pia chembe za silika, zinazofanana na zile za vipakiti vinavyowekwa ndani ya viatu vipya. Zinafyonza vizuri sana. Pweza alikanyaga mara moja, zikalia kama mtu anatafuna barafu, akatoka kwa kuruka. Shilingi 38,000 zikaishia hapo.

Sasa huu unaoganda. Ni udongo wa bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukikutana na maji. Paka akikojoa, chembe zinashikana hapo hapo zinakuwa bonge, huku udongo unaozunguka unabaki mkavu. Unachota bonge kwa kijiko chenye matundu na kutupa, na ule mzuri unabaki. Nauweka kina cha sentimita 6 hivi. Ukiweka kidogo, mkojo unafika chini na kugandia kwenye beseni kama ugali ulioungua sufuriani, na utaukwangua mpaka uchoke. Asubuhi nachota, jioni nachota, kila wiki naongeza kidogo, na mara moja kwa mwezi namwaga wote na kuosha beseni.

Nilipokuwa natafuta jibu la mama nilijua kuwa biashara hii yenyewe ilianza kwa bahati. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, Ed Lowe alikuwa kwenye biashara ya familia ya kuuza vitu vya kufyonza mafuta yaliyomwagika, udongo mkavu ukiwemo. Jirani yake mwenye paka alikuja kuomba mchanga. Lowe akampa ule udongo badala yake, na jirani akarudi kutaka tena. Wakati huo aina inayoganda haikuwepo. Yenyewe ilikuja miaka ya 1980.

Ubaya wake. Una vumbi, hasa unapomimina, na mimi mwenye mafua ya asubuhi najifunga kitambaa puani. Chembe zinatoka na miguu ya paka. Nimeweka zulia la plastiki lenye vinyweleo mbele ya beseni, linapunguza, halimalizi. Wakati wa masika usiache mfuko wazi, hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko. Na tafadhali usimwage chooni. Kitu kinachovimba kwa maji ukikiingiza kwenye bomba la ghorofa, majirani watakujua kwa jina. Kama una vitoto vya paka ambavyo bado vinaonja kila kitu, subiri kwanza wakue, kwa sababu wakiumeza unaweza kugandia tumboni.

Wenye harufu ya lavenda msiuchukue. Muuzaji alinisisitizia, nikanunua mfuko mzima. Kashata alisogea, akanusa, akanitazama mimi, akaenda kukojoa kwenye sinki la bafuni. Pua ya paka si pua yetu. Manukato yale tumewekewa sisi wanunuzi.

Kuhusu chombo nina hasira kidogo. Nilinunua sanduku la kisasa lenye paa na kimlango cha kusukuma, shilingi 85,000, nikijua nimewajengea. Kashata alilitumia kwa shingo upande. Pweza alilikataa kabisa, akachagua kikapu cha kanga zangu safi. Nilimfokea wiki nzima, na kosa lilikuwa langu. Ndani ya kisanduku kile hewa inatuama, harufu inamrudia yeye mwenyewe, na wakati ameinama Kashata alikuwa anamvizia mlangoni. Mnyama gani atakubali choo chenye mlango mmoja na adui nje?

Nikashuka Kariakoo, nikanunua mabeseni makubwa ya mstatili ya kufulia, shilingi 9,000 moja. Kipimo ninachotumia ni kwamba paka aweze kusimama na kugeuka bila kugusa ukuta, yaani urefu wa beseni uwe mara moja na nusu ya mwili wake bila mkia. Ukingo mmoja niliukata kwa kisu cha moto ili wasipande sana, nikausugua kwa msasa. Madaktari wa mifugo hushauri beseni moja kwa kila paka na jingine la ziada, kwa hiyo ninayo matatu: moja bafuni, moja ukumbini nyuma ya kochi, moja kwenye baraza. Wageni wanaliona lile la ukumbini. Wamezoea. Hakuna lililo karibu na chakula wala karibu na mashine ya kufulia. Tangu siku hiyo kanga zangu ziko salama.

Sasa nirudi kwenye lile la kuona.

Mwezi wa tano wa kutumia mchanga huu nilikuwa nimeshazoea hesabu bila kukusudia. Asubuhi na jioni nikijumlisha, mabonge ya mkojo huwa matano au sita kwa wote wawili. Makubwa kama limau ni ya Kashata, madogo ni ya Pweza. Jumatano moja asubuhi nikakuta mabonge mawili ya Pweza, na pembeni vitone vitatu vidogo kama punje za kunde. Nikadhani mchanga umeharibika. Jioni vitone vingine vinne, na Kashata yumo beseni ameinama. Akatoka, akazunguka, akarudi akainama tena. Akajilamba nyuma muda mrefu. Halafu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Daktari wa mifugo nilimpigia saa mbili usiku. Aliuliza swali moja tu: "Dume au jike?" Nilipomwambia dume akasema nimlete sasa hivi, nisingoje asubuhi. Njia ya mkojo ya dume ni ndefu na nyembamba, na fuwele au ute vikiiziba, mkojo unarudi nyuma, sumu inajaa kwenye damu, potasiamu inapanda na moyo unaweza kusimama. Siku mbili tatu zinatosha kumuua. Wengi huwaleta wamechelewa, aliniambia, kwa sababu mtu akimwona paka anajikamua anadhani amefunga choo, anampa mafuta.

Kashata aliwekewa mpira wa mkojo na kulazwa siku tatu. Gharama sitaitaja, ila ni mifuko mingi ya mchanga. Alipona.

Kwa hiyo mama, jibu ni hilo. Kwenye mchanga wa ujenzi nisingeviona vile vitone. Kwenye maranda ndiyo kabisa. Watu wanausifia mchanga huu kwa kuzuia harufu, na kweli unazuia kuliko vingine nilivyotumia, lakini mimi 42,000 natoa kwa ajili ya kuhesabu. Mabonge yakipungua au yakiwa vitone, hasa kwa dume, siku hiyo hiyo kwa daktari. Yakianza kuwa makubwa na mengi kuliko kawaida, hasa kwa paka mzee, huenda ni figo au kisukari, napo apimwe. Na paka msafi anapoanza ghafla kukojoa kitandani, kabla hujachukua fimbo fikiria kama hajaanza kuhusisha beseni na maumivu.

Tangu hapo nimebadilisha na chakula. Dagaa wakavu nimepunguza kama nilivyoshauriwa, chakula cha punje nakilowesha, na bakuli za maji ziko tatu, mbali na mabeseni. Kashata anapenda maji yenye mchuzi kidogo wa samaki wa kuchemsha usio na chumvi wala kitunguu.

Mdogo wangu alipokuja kukaa kwangu akiwa na mimba ya miezi minne, shangazi zetu walitaka paka wahame. Hawakuhama. Kimelea wanachokiogopa, toksoplazma, hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo kiweze kumwambukiza mtu. Kinyesi kikitolewa kila siku hakipati nafasi hiyo. Mdogo wangu hakugusa beseni hata mara moja, nilichota mimi na kunawa kwa sabuni, na nyama nyumbani ililiwa iliyoiva vizuri, maana na huko hupitia.

Mabeseni naosha kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, basi. Ile dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, inayogeuka nyeupe ikitiwa majini, ambayo kila nyumba inayo, ni sumu kwa paka, ini lake haliwezi kuimaliza. Dawa ya klorini nayo siitumii kwenye mkojo. Vikichanganyika vinatoa hewa inayochoma kifua.

Alama zangu: mchanga usio na harufu, nne kwa tano, moja nimeikata kwa vumbi na bei. Sanduku lenye paa, moja. Beseni la Kariakoo, tano.

Ule mfuko wa lavenda ulikaa nusu kwenye baraza hadi juzi, nikampa fundi wa magari wa mtaa wa nyuma. Aliumwaga chini ya injini inayovuja, akaniambia unafyonza mafuta vizuri mno, na gereji inanukia. Ameuliza kama ninao mwingine.